Friji Inayopiga Simu Usiku

Yeyote aliyewahi kukabidhiwa friji ya chanjo anaijua hofu ya Jumatatu asubuhi. Unafungua chumba, unatazama kipimajoto, kinasoma nyuzi 5, na bado huna amani, maana nyuzi 5 za sasa hazisemi lolote kuhusu Jumamosi usiku. Huenda umeme ulikatika, friji ikapanda hadi nyuzi 15, umeme ukarudi, ikashuka tena kabla hujafika. Ndiyo maana sista mmoja anayesimamia zahanati aliponiomba nimtengenezee kifaa cha kumpigia simu joto likiharibika, nilikubali palepale. Nilikuwa na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), kihisi cha joto na moduli ndogo ya simu. Kupima joto kulichukua sehemu ndogo sana ya kazi. Karibu kila nilichojifunza baadaye kilihusu jambo moja: nitajuaje kwamba binadamu ameamka, na binadamu atajuaje kwamba kifaa hakijafa?

Nianze na joto lenyewe, kwa sababu mipaka ya king'ora inatoka kwenye kitu kinacholindwa. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Watu huwaza joto kupanda tu, lakini baridi ni adui mbaya zaidi, tena wa haraka. Chanjo zenye chumvi za alumini, kama za pepopunda, homa ya ini B na ile ya pentavalenti inayokinga magonjwa matano, zikiganda zimekwisha. Kuziyeyusha hakurudishi nguvu yake. Joto lenyewe hula nguvu ya chanjo polepole, saa baada ya saa. Ukitazama vinasa joto vya siku 30 vinavyofuata viwango vya Shirika la Afya Duniani utaliona hilo: juu ya nyuzi 8 hungoja saa 10 mfululizo ndipo vilie, ila kwenye −0.5 kwenda chini hungoja dakika 60 tu.

Kifaa changu hakikuchukua nafasi ya kinasa joto kilichoidhinishwa, na ninamsihi kila anayejenga kama hiki asijaribu kufanya hivyo. Kinasa joto kinaweka kumbukumbu ya yaliyopita, nacho hiki kinaita mtu wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Kwa hiyo nilikiwekea subira fupi zaidi pande zote mbili, ili anayeitwa apate muda wa kuvaa, kutoka, na kufika kabla dawa hazijafikia hatari. Upande wa baridi subira ni fupi kuliko upande wa joto. Kisha nikaweka pengo: king'ora kikishawaka juu ya nyuzi 8, hakizimi hadi joto lishuke chini ya 7. Bila pengo hilo, joto linalochezacheza kwenye 8 litampigia mtu simu mara kumi kwa tatizo lilelile.

Kihisi nilichotumia ni DS18B20, kile kinachouzwa kikiwa ndani ya kijiti cha chuma kisichopitisha maji. Ni cha kidijiti, kinatumia waya mmoja wa data pamoja na rezista ya kiloomu 4.7, na usahihi wake ni nusu nyuzi kuanzia −10 hadi 85. Kwa friji inatosha, lakini nusu nyuzi karibu na 2 si kitu cha kudharau. Nilipondaponda barafu, nikaichanganya na maji kidogo hadi ikawa uji mzito, nikakoroga, nikazamisha kihisi na kungoja kitulie. Hapo lazima kisome 0. Kikisoma 0.3, ondoa 0.3 kwenye programu. Ni kipimo ambacho hakihitaji maabara, na kinakupa haki ya kuamini namba zako.

Kihisi hiki kina namba mbili za uongo ambazo kila mjenzi anapaswa kuzijua kwa sura. Ya kwanza ni 85. Hiyo ndiyo thamani inayokaa kwenye kumbukumbu yake kinapowashwa, kabla hakijapima chochote. Kupima kwa ukamilifu wa biti 12 huchukua hadi milisekunde 750, na ukisoma mapema utapewa 85. Ya pili ni −127, ambayo maktaba ya programu inayotumiwa sana kwenye Arduino, zile bao za maikrokontrola za kujifunzia, huirudisha kihisi kisipojibu kabisa. Sasa fikiria programu inayosema tu "chini ya 2, piga simu". Waya ukilegea, mtu anaamshwa saa nane usiku kuambiwa friji iko −127. Atakimbia mara ya kwanza. Mara ya tatu atageukia upande wa pili na kulala. Kwa hiyo nilitenganisha aina tatu za taarifa: joto limepanda, joto limeshuka, na kihisi hakijibu. Ya tatu hutolewa baada ya kusoma tena na tena kwa dakika kadhaa, na huja kama ujumbe mfupi.

Mahali pa kuweka kihisi pana maana kuliko kihisi chenyewe. Kikining'inia hewani ndani ya friji, kitapima hewa, na hewa ya friji hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Chanjo ni kimiminika ndani ya kichupa cha kioo, haipati joto kwa kasi hiyo. Nilichukua chupa ndogo ya glaikoli, kimiminika kisichoganda kirahisi, nikatoboa kifuniko, nikazamisha kijiti ndani na kuiweka katikati ya rafu, mbali na ukuta wa nyuma unaoganda. Tofauti ilionekana siku ileile. Sista alifungua mlango, akahesabu vichupa vyake bila haraka, akafunga. Kihisi cha pili nilichokiacha hewani kwa kulinganisha kilikwea nyuzi kadhaa na kushuka. Kile cha kwenye chupa kilisogea kidogo tu na kutulia. Mchanga au shanga za kioo pia hufanya kazi hiyo.

Waya wa kihisi niliupitisha upande wa bawaba, ambako mpira wa mlango haubanwi na kuachiliwa kwa nguvu kila mara. Nje ya friji niliuacha ulegee kidogo kuelekea chini kabla ya kuingia kwenye boksi, ili matone ya unyevu yadondoke pale chini badala ya kufuata waya hadi kwenye saketi. Boksi lenyewe lazima likae nje: friji ni sanduku la chuma, na mawimbi ya simu hayapiti vizuri kwenye chuma.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vifaa vingi vya namna hii vinapofia. Moduli niliyotumia ni SIM800L. Karatasi yake ya maelezo inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma mawimbi inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mapigo mafupi. Katika GSM, mfumo wa simu wa 2G (kizazi cha pili), kila pigo lina mikrosekunde 577 na hujirudia kila milisekunde 4.615, yaani kama mara 217 kwa sekunde. Ndiyo ile sauti ya mvumo unayoisikia kwenye spika simu ikiwa karibu na inataka kuita. Katika kila pigo volti hushuka, na zikishuka chini ya kiwango moduli hujizima. Ubaya wake ni kwamba simu ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu ya kutuma. Kifaa kinaweza kufanya kazi vizuri mezani kwako, penye mtandao mzuri, kisha kikajizima kila kinapotaka kupiga simu kule kinakohitajika.

Dawa yake ni waya fupi na nene kati ya betri na moduli, na kapasita (kitunza umeme kidogo kinachoutoa haraka) ya mikrofaradi 1000 au zaidi iliyogusa kabisa miguu ya moduli. Ubao wa majaribio na zile nyaya zake nyembamba ni wa kujifunzia tu. Kwa kifaa cha kulinda dawa, chomelea kwa risasi. Betri niliyochagua ni seli moja ya lithiamu ya 18650, kwa sababu volti zake, 4.2 ikijaa na karibu 3.7 kwa muda mwingi, zinaangukia ndani ya mipaka ya moduli bila kibadilisha volti katikati. Inachajiwa na adapta ya kawaida kupitia saketi ya kuchajia seli za lithiamu. Pini za data za moduli zinataka volti ndogo kuliko 5, kwa hiyo ubao wa maikrokontrola wa volti 5 unahitaji rezista mbili za kugawanya volti kabla ya kuongea nayo.

Betri si anasa hapa. Friji na kifaa vinakula kwenye umeme mmoja, na umeme ukikatika ndipo kifaa kinatakiwa kuwa hai kuliko wakati wowote. Niliunganisha pini moja ya maikrokontrola, kupitia rezista, na upande wa adapta, ili ijue umeme ukiwepo na ukiondoka. Hata hivyo sikuiruhusu ipige simu umeme ukikatika. Friji iliyofungwa huhimili muda, na anayepigiwa simu kila umeme unapocheza ataacha kupokea. Umeme ukikatika na kukaa dakika kadhaa, unakwenda ujumbe mfupi. Simu ni ya joto peke yake.

Kuhusu kwa nini simu na si ujumbe, sista alinijibu kabla sijauliza: "Kaka, mimi nikilala ujumbe siusikii. Wewe nipigie." Na kupiga ni rahisi mno. Unaituma moduli amri ya ATD, nambari, na nukta mkato mwishoni. Nukta mkato ile ni ya lazima. Bila hiyo moduli hudhani unataka kutuma data. Kisha inakujibu: BUSY kama laini inatumika au mtu amekata, NO ANSWER kama hakuna aliyepokea, NO CARRIER mazungumzo yakikatika.

Tatizo ni jibu la "amepokea". Simu ya mtu ikiwa imezimwa na ana huduma ya ujumbe wa sauti, mtambo wa mtandao ndio unaopokea. Kwa macho ya maikrokontrola, simu imepokelewa na kazi imekwisha. Kumbe kifaa kimeripoti msiba kwa mashine na kutulia, huku chanjo zikiendelea kupata moto. Hata akipokea mtu mwenyewe, anaweza kuwa amebonyeza akiwa usingizini na kurudi kulala. Kupokea si uthibitisho.

Moduli za familia hii zinaweza kutambua mlio wa tarakimu zinazobonyezwa wakati wa simu, kwa hiyo unaweza kumtaka mtu abonyeze 1. Nilijaribu, inafanya kazi. Lakini nilichagua njia nyingine ambayo kila mwenye simu tayari anaijua: kubipu. Kifaa kikipiga, sista hahitaji hata kupokea. Anaona jina FRIJI, anakata, anabipu kurudi. Kifaa kinaona nambari yake ikiita, kwa sababu amri ya AT+CLIP=1 huifanya moduli itaje nambari ya anayepiga, kinakata, kinaandika kwamba fulani ameitikia, na kinamtumia ujumbe: joto ni ngapi, linapanda au linashuka, limeanza dakika ngapi zilizopita. Hakuna salio linaloliwa na simu, hakuna mashine inayoweza kujifanya binadamu, na aliyebipu lazima awe ameamka kiasi cha kutafuta jina na kupiga.

Asipobipu mtu ndani ya dakika chache, kinampigia wa pili kwenye orodha, kisha wa tatu, kisha kinarudi kwa wa kwanza. Kila mtu anapigiwa mara mbili mfululizo, na hilo lina sababu. Simu nyingi usiku huwekwa kwenye hali ya kutosumbuliwa. iPhone ikiruhusiwa hupitisha simu ya pili kutoka kwa nambari ileile ndani ya dakika 3, na Android ndani ya dakika 15. Mlio wa kwanza unamezwa, wa pili unapenya. Juu ya hapo, nilimwomba kila aliye kwenye orodha aihifadhi nambari ya kifaa miongoni mwa zile zinazoruhusiwa kulia wakati wote, na aipe mlio wa peke yake.

Bado kulikuwa na swali la kimya, nalo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote. Kifaa cha tahadhari kinapokuwa kizima, kinakaa kimya. Kinapokufa, kinakaa kimya vilevile. Wengi hukiwekea ujumbe wa kila asubuhi wa kusema "niko hai", na mwanzo niliufikiria. Lakini binadamu hatambui kitu kisichokuja. Baada ya wiki chache ujumbe ule hausomwi, na siku usipofika hakuna atakayeshtuka. Nikaamua kugeuza mwelekeo: mtu ndiye akiulize kifaa. Jioni, anayefunga zahanati anaibipu friji. Ndivyo tu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mtandao wa simu unatoa jibu hata kama kifaa kimekufa. Ikiita kidogo na kukatwa, halafu ujumbe wa joto ukaingia, kila kitu ni kizima. Ikiita na kuita bila kukatwa, moduli iko hai ila maikrokontrola imeganda. Ukiambiwa mteja hapatikani, umeme wa kifaa au mtandao haupo, nenda ukaangalie. Hali tatu tofauti, zinatambulika kwa sikio, bila programu yoyote kwenye simu na bila intaneti. Ili hilo lifanye kazi, laini ya kifaa isiwe na huduma ya ujumbe wa sauti wala kuelekeza simu kwingine. Kupiga ##002# ukiwa na laini hiyo huondoa maelekezo yote. Ujumbe wa jioni hubeba pia volti za betri na nguvu ya mtandao, ambayo amri ya AT+CSQ huitoa kwa namba kati ya 0 na 31, na 99 maana yake haijulikani. Namba ikiwa inashuka wiki hadi wiki, unajua mapema.

Kuhusu maikrokontrola kuganda, ile ya ATmega328P ina mlinzi wa ndani, saa inayoiwasha upya programu isipotoa dalili ya uhai ndani ya muda uliowekwa, hadi sekunde 8. Itumie. Na kwa kuwa kifaa kitakaa miezi bila kuzimwa, kumbuka kwamba saa ya milisekunde ya Arduino hurudi sifuri baada ya siku 49.7 hivi. Pima muda kwa kutoa wakati wa mwanzo kwenye wakati wa sasa, usilinganishe na wakati wa mbele, na siku hiyo itapita bila tukio.

Siku ya majaribio tulikwenda pamoja hadi mwisho. Tulichomoa kihisi kwenye chupa tukakishika kiganjani. Joto likavuka 8, tukangoja subira iishe. Simu ya sista ikaita, aliiacha makusudi. Ikaita tena, akaiacha. Ikaita ya msaidizi wake aliyekuwa chumba cha pili, naye hakuwa ameambiwa. Alitokea mlangoni ameshika simu: "Sista, friji inakupigia?" Akabipu, ujumbe ukamfikia, na simu za wengine zikanyamaza. Baadaye tukachomoa adapta. Kisha tukang'oa antena kwa muda, tukaibipu, tukasikia hapatikani, kama tulivyotaka. Tulikubaliana majaribio hayo yarudiwe kila mwezi, hasa lile la kumwacha wa kwanza asipokee.

Jambo moja la kuangalia kabla hujanunua chochote: SIM800L ni ya 2G pekee. Nchini Marekani kampuni ya simu ya AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017, na Australia nayo imeshaizima. Uliza mtandao unaokusudia kuutumia kama 2G yake ipo na itadumu. Kama haipo, ziko moduli za 4G, ila hakikisha moduli hiyo inaweza kupiga simu ya sauti kwenye mtandao huo, si kutuma data tu. Laini nayo ina mahitaji yake: iondolewe PIN, iwe na salio la ujumbe, na itumike mara kwa mara, kwa kuwa mitandao mingi hufunga laini zilizolala. Ujumbe wa kila jioni unaimaliza hoja hiyo ya mwisho. Nambari za watu hukaa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya maikrokontrola, na hubadilishwa kwa ujumbe kutoka kwa nambari iliyo tayari kwenye orodha, maana watu huenda likizo na hubadilisha laini.

Mwisho tulibandika karatasi juu ya friji, kwa mwandiko mkubwa, kwa ajili ya atakayeingia usiku akiwa na usingizi machoni. Angalia soketi na swichi kwanza. Usifungue mlango wa friji bila sababu. Kama joto bado linapanda, toa vidumu vya barafu kwenye friza, viache nje hadi ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani, maana barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza inaweza kuzigandisha chanjo zilezile unazoziokoa. Panga boksi la baridi, weka chanjo na kipimajoto, andika saa uliyoanza. Chini yake kuna nambari ya kituo cha jirani chenye friji, na jina la anayekaa na ufunguo wake.